Timu Ikishindwa, Kosa ni la Nani?

Kila yamalizikapo mashindano ya shule, maneno ni yale yale, iwe Butembo au Beni, Lubero au Oicha, au kule Mutwanga chini ya milima ya Ruwenzori. Timu imefungwa mara tatu mfululizo. Vijana wanarudi nyumbani kimya, viatu mkononi, na jioni wakubwa wanakaa kuhukumu. Mmoja asema, "Mwalimu huyu hajui mpira, aondolewe." Mwingine amjibu, "Mwalimu afanye nini? Watoto wenyewe hawana kipaji. Hata angekuja mwalimu kutoka Ulaya, asingeweza kufuma mkeka bila ukindu."

Wasomaji wapenzi, twaweza kudhani kwamba haya ni maneno ya kupitisha jioni tu. Sivyo. Maneno hayo huzaa matendo. Anayeamini kwamba kosa daima ni la mwalimu, humfukuza kila mwaka, na kila mwaka vijana huanza upya kama watu wajengao nyumba na kuibomoa kabla ya kuezeka. Naye anayeamini kwamba kipaji ndicho kila kitu, hutafuta vijana wakubwa wa mjini wasiosoma katika shule ile, akawavisha jezi na kuwapa majina ya wanafunzi wengine. Hapo mchezo umekwisha kuwa uongo. Basi yafaa tulichunguze jambo hili kwa utulivu: timu dhaifu huinuliwa na nini, mwalimu au kipaji?

MPIRA ULIOZALIWA SHULENI

Kwanza tukumbuke kwamba katika nchi ya Kongo mpira wa miguu ulikua pamoja na shule za misioni. Kule Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, Padre Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut aliyefika mwaka 1917, aliwafundisha vijana darasani na uwanjani pia. Mwaka 1936 alianzisha timu ya Daring, ambayo baadaye iliitwa Motema Pembe. Watu walimwita Tata Raphaël, na uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 kwa juhudi zake waitwa leo kwa jina hilo. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1956.

Kule Elisabethville, yaani Lubumbashi, mapadre Wabenedikto waliosimamia Taasisi ya Mtakatifu Bonifasi walianzisha mwaka 1939 timu ya vijana iitwayo Saint-Georges. Timu hiyo ilibadilisha jina mara kadhaa, na leo Afrika nzima yaijua kwa jina la Mazembe. Ilitwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha mwaka 2009, 2010 na 2015. Mwanzo wake ni vijana wa shule na mapadre waliotaka wapate kazi njema ya kufanya baada ya masomo. Wala hawakuanza kwa kununua mchezaji hata mmoja.

USHAHIDI WA KWANZA: CHUI WALIOKUWA WAMELALA

Sasa tulitazame jambo lenyewe katika timu ya taifa, Chui wa Kongo, kwa kuwa mambo yake yameonwa na watu wote.

Mwezi wa Juni mwaka 2022 timu hiyo ilianza safari ya kutafuta nafasi katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwalimu alikuwa Héctor Cúper wa Argentina, mtu mwenye sifa kubwa, ambaye zamani aliifikisha timu ya Valencia ya Hispania katika fainali mbili za vilabu bingwa vya Ulaya, mwaka 2000 na 2001. Wachezaji wengi walikuwa wakicheza katika timu za Ulaya. Walakini walifungwa na Gabon 1-0 nyumbani Kinshasa, na siku chache baadaye wakafungwa na Sudani 2-1. Michezo miwili, pointi sifuri. Wengi walisema kwamba kizazi hiki hakina wachezaji.

Mwezi wa Agosti mwaka huo alipewa kazi Mfaransa Sébastien Desabre. Hakuja na kikosi kipya chote mfukoni. Aliongeza wachezaji kadhaa, lakini nguzo, kama vile Chancel Mbemba, zilikuwapo tangu zamani. Mwaka 2023 Chui wale wale waliifunga Mauritania 3-1, wakatoka sare nayo ugenini, wakaifunga Gabon 2-0 kwao, wakaifunga Sudani 2-0 Kinshasa, na kumaliza wa kwanza katika kundi lao. Kule Kodivaa, mwanzoni mwa mwaka 2024, walitoka sare na Zambia, na Moroko, na Tanzania. Walitoka sare tena na Misri, wakaishinda kwa mikwaju ya penalti, na mkwaju wa mwisho ukapigwa na golikipa Lionel Mpasi mwenyewe. Waliifunga Guinea 3-1, wakafika nusu fainali.

Tazameni vizuri jambo hili. Timu ile ilifika robo fainali bila kushinda mchezo hata mmoja katika dakika tisini. Haikuwa na washambuliaji wa kutisha kuliko wengine wote, bali ilikuwa timu isiyofungika kwa urahisi. Kila mtu alijua mahali pake. Hiyo ni kazi ya mwalimu. Kipaji chaweza kukupa bao la ajabu, lakini kuwafanya watu kumi na mmoja walinde pamoja, warudi pamoja na kuvumilia pamoja hadi filimbi ya mwisho, hilo halizaliwi na mtu. Hufundishwa.

Wenzetu wa ng'ambo ya pili ya Ruwenzori wanamjua vizuri mwalimu huyo, kwa kuwa kabla ya kuja Kongo alifundisha timu ya Uganda. Mwezi wa Juni 2019, mjini Cairo, Uganda yake ilikutana na Kongo. Uganda haikuwa na wachezaji wengi wenye majina katika Ulaya, na Kongo ilikuwa nao. Uganda ilishinda 2-0. Na mwalimu wa Kongo siku ile hakuwa mtu hafifu: alikuwa Florent Ibenge, aliyeipatia nchi hii nafasi ya tatu katika Afrika mwaka 2015, na kombe la wachezaji wa nyumbani mwaka 2016. Hapo twajifunza kwamba majina makubwa hayafungi mabao, na tena kwamba hata mwalimu hodari ana siku yake ya kushindwa. Kumfukuza mtu kwa sababu ya siku moja si hekima.

USHAHIDI WA PILI: MWAKA 1974

Je, basi, tuseme kwamba mwalimu ndiye kila kitu? Hapana. Uko ushahidi mwingine, nao ni mchungu zaidi.

Mwezi wa Machi 1974, nchi ikiitwa Zaire, Chui walitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Cairo. Fainali na Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika michezo hiyo miwili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga mabao tisa, na hadi leo hakuna aliyeifikia hesabu hiyo katika kombe moja la Afrika. Hicho ndicho kipaji! Hakuna mwalimu awezaye kujivuna kwamba alikitengeneza.

Miezi mitatu baadaye timu ile ile, chini ya mwalimu yule yule, Blagoje Vidinić wa Yugoslavia, ilikwenda Ujerumani ya Magharibi kucheza Kombe la Dunia. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Mchezo wa kwanza walifungwa na Scotland 2-0, na hawakuaibika. Mchezo wa pili walifungwa na Yugoslavia 9-0.

Mwalimu hakubadilika. Vipaji havikupotea njiani. Ni nini basi? Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba fedha walizoahidiwa hazikuwafikia, na kwamba walikaribia kukataa kuingia uwanjani. Waliingia miguu ikiwa kiwanjani na mioyo ikiwa mahali pengine. Walipokwisha kufungwa matatu, mwalimu alimtoa golikipa Kazadi, kabla ya nusu saa ya mchezo kutimia. Kisha mwamuzi akamtoa Ndaye kwa kosa la mwenzake. Mchezo wa mwisho walifungwa na Brazil 3-0, wakarudi nyumbani bila bao hata moja.

Funzo lake ni wazi. Wachezaji walikuwapo, mwalimu alikuwapo, lakini nyumba ilikuwa na ufa. Waliokuwa juu yao hawakutimiza neno lao, na timu isiyowaamini wakubwa wake haiwezi kumsikiliza hata mwalimu bora.

MBEGU, MKULIMA NA SHAMBA

Sisi watu wa milimani twalima, na jambo hili twaweza kulielewa kwa jembe letu. Kipaji ni mbegu. Mwalimu ni mkulima. Shule, wazazi na viongozi ni shamba lenyewe. Mti wa kahawa wa mbegu njema usipopogolewa hupanda juu na kuzaa kidogo. Mkulima hodari naye, ukimpa mwamba mtupu, hatavuna. Na shamba linalobadilishiwa mwenye kulima kila msimu, hata likiwa na udongo mweusi, hugeuka pori.

Mazembe wenyewe ni mfano. Mwaka 2009 walikuwa mabingwa wa Afrika chini ya Diego Garzitto. Mwaka 2010 walikuwa mabingwa tena, na mwezi wa Desemba, kule Abu Dhabi, walikuwa na mwalimu mwingine, Lamine N'Diaye wa Senegal. Waliifunga Internacional ya Brazil 2-0 wakafika fainali ya vilabu vya dunia, timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo, na huko wakafungwa na Inter ya Milano 3-0. Walibadili mwalimu bila kuanguka, kwa sababu nyumba ilikuwa imara: uwanja wa mazoezi ulikuwapo, mishahara ilikuwapo, na wachezaji walikuwa wamezoeana. Mwenye nyumba imara aweza kubadili mlango. Mwenye kibanda akigusa nguzo moja, paa lote laja chini.

SHULE HAICHAGUI

Sasa turudi katika shule zetu. Kati ya timu ya mji na timu ya shule iko tofauti kubwa. Timu ya mji, kama Nyuki ya Butembo, yaweza kumtafuta mchezaji mahali popote. Shule yapokea watoto wale iliopewa: mwana wa mkulima wa maharagwe, mwana wa dereva, yatima anayelelewa na nyanya yake. Mwaka huu wamo wepesi watatu, mwaka ujao hayumo hata mmoja. Mwalimu wa shule asemaye, "Nileteeni wachezaji kwanza," amesahau methali ya wazee: mchagua jembe si mkulima.

Kwa hiyo twasema bila kusitasita: katika timu ya shule iliyo dhaifu, mwalimu ni mkubwa kuliko kipaji. Kipaji hatuwezi kukiamuru kije, lakini mafundisho twaweza kuyaanza kesho asubuhi. Atazamaye michezo ya wanafunzi ataona kwamba mabao mengi hayatoki katika ufundi wa ajabu. Hutoka katika makosa: mlinzi aliyeacha mtu wake, golikipa asiyeita, kona ambayo hakuna aliyepangwa kuilinda, vijana waliochoka robo saa kabla ya mwisho. Makosa hayo yote yana dawa, na dawa yake haihitaji fedha.

Mwalimu na aanze na pumzi. Vijana wetu wanapanda na kushuka vilima kila siku kwenda shuleni, na mji wa Butembo uko juu ya mita 1,700. Miguu wanayo tayari, yabaki kuipangia kazi. Kisha ampe kila mmoja mahali pake, na asimbadilishe kila Jumamosi. Awazoeze kona na mipira ya adhabu mpaka kila mtu ajue asimame wapi bila kuambiwa. Awafundishe kusemezana uwanjani. Tena asiwasahau wale wa benchi, kwa maana mara nyingi kijana mnyonge wa kidato cha tatu ndiye nguzo ya kidato cha tano, kama hakukatishwa tamaa kabla ya wakati. Na wakati wa mapumziko asiwatukane. Kijana aliyetukanwa mbele ya wenzake hachezi mpira tena. Acheza na hofu yake.

Na kipaji je, tukidharau? Hasha. Kijana mwenye kipaji ni zawadi ya Mungu kwa shule nzima, lakini yahitaji uangalizi. Timu nyingi dhaifu huharibika kwa kumtegemea mmoja. Kila mpira apewe yeye, akikosa wote wamlaumu, akifunga yeye peke yake abebwe mabegani. Muda si muda huacha kufanya mazoezi, hujibu walimu vibaya, na darasani haonekani. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwalimu mwema humpenda kijana huyo kwa kumdai zaidi kuliko wengine.

MAJINA YA KUAZIMA

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya wale wanafunzi wa bandia. Twajua jinsi jambo hili linavyofanyika. Mkuu wa timu aona aibu ya kushindwa, amtafuta kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye miguu ya chuma, ampa karatasi ya mwanafunzi wa miaka kumi na saba. Timu yashinda. Watu wapiga ngoma. Lakini wako watatu walioumizwa siku ile.

Wa kwanza ni mwanafunzi halali aliyefanya mazoezi tangu mwanzo wa mwaka, na sasa ameketi nje akitazama mgeni akivaa jezi yake. Wa pili ni timu nyingine, iliyoibiwa haki yake. Wa tatu ni shule yenyewe, kwa kuwa vijana wote wamekwisha kujua kwamba mkuu wao husema uongo akibanwa. Mwezi ujao atawakataza kunakili katika mtihani. Nani atamsikia? Kombe likiwa kabatini litapata kutu, lakini funzo lile litakaa katika mioyo ya vijana miaka hamsini. Ni afadhali shule ifungwe matano kwa majina ya kweli kuliko kushinda moja kwa majina ya kuazima.

NENO KWA WAKUBWA

Wazazi na wakuu wa shule, kabla ya kumhukumu mwalimu, jiulizeni mmempa nini. Mmempa muda wa miaka miwili, mitatu? Anao mpira hata mmoja usiopasuka? Mwamruhusu kijana wenu kwenda mazoezini, au kila siku ya mazoezi mwamtuma shambani? Mlipoahidi chakula cha safari, mlikileta? Kumbukeni mwaka 1974. Ahadi isiyotimizwa hufunga mabao kuliko mshambuliaji yeyote.

Kumbukeni pia majira tuliyopitia. Tangu Oktoba 2014 vijiji vingi vya Beni vimeonja mauaji na kukimbia. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 maradhi ya Ebola yalitukataza hata kupeana mikono. Shule ngapi zimefungwa na kufunguliwa tena? Mwalimu amekwisha kuunda timu, mara familia za wachezaji wake zimekimbia, kila moja na njia yake. Mwalimu anayewakusanya tena watoto wa namna hiyo, akawafanya wacheke na kukimbia pamoja, amekwisha kushinda jambo kubwa hata kama ubao waonyesha kwamba amefungwa. Chui wenyewe walituonyesha kwamba timu yaweza kuwa na maana kupita mabao. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali kule Abidjan, wakati wimbo wa taifa ukipigwa, walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani, ili dunia ione mateso ya mashariki ya Kongo na kimya kinachoyazunguka. Walifungwa siku ile 1-0. Lakini ni nani kati yetu anayewakumbuka kama walioshindwa?

NENO KWA VIJANA

Nanyi wanafunzi, msiseme, "Sina kipaji, nitacheza kwa nini?" Mwalijua fumbo la Bwana wetu katika Injili ya Mathayo, juu ya watumishi waliokabidhiwa talanta. Mmoja alipewa tano, mwingine mbili, mwingine moja. Bwana yule alimsifu wa mbili sawasawa na wa tano, kwa maneno yale yale. Aliyekemewa si kwa sababu alipewa moja, bali kwa sababu aliifukia. Hakuna mwalimu awezaye kufukua talanta ambayo mwenyewe amekazana kuifukia.

Wala msiache masomo kwa ajili ya mpira. Wachache sana watakula kwa miguu yao. Wengi mtakula kwa akili na mikono. Padre wa zamani aliyepuliza filimbi uwanjani jioni ndiye aliyeshika chaki asubuhi, na hakuona ugomvi kati ya viwili hivyo.

Basi timu ikishindwa, kosa ni la nani? Kabla ya kumtafuta mkosaji, kila mmoja na atazame sehemu yake. Mwalimu ajiulize kama amefundisha, kijana kama amejitoa, na mkubwa kama ametimiza neno lake. Wakijibu kweli wote watatu, mwalimu na abaki, vijana wale wale na wabaki, na mazoezi yaanze Jumatatu.